Springi, Koilova na Kaburi la Bi Zahabu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana magari yalikuwepo na matuta ya barabarani yalikuwepo, aliishi mjane mmoja mwenye pumu, jina lake Bi Zahabu. Alikuwa na wana wawili, Twalibu mkubwa na Nuhu mdogo, na kaka mmoja, Sefu, fundi wa magari. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo. Gari hilo lilimpeleka sokoni, lilimpeleka misibani, na pumu ikimbana lilimpeleka hospitali.

Vijana wakataka kulishusha, likae chini kama magari ya wenzao. Mnacheka, lakini kila nyumba ina wa kwake.

Twalibu akasema, "Tufunge springi fupi. Likishuka limeshuka, tutazoea kuliendesha taratibu kila siku."

Nuhu akasema, "Tufunge koilova, kaka, springi zenye pete za kuzungusha kwa spana. Siku ya harusi tunashusha, siku ya kazi tunapandisha. Mama hatasumbuka."

Mama akasema, "Hilo gari litaniua. Na atakayeniua nalo asinipokee kaburini." Kwao mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wa damu yake. Wakacheka wote, naye akacheka mpaka akakohoa.

Wakamwendea mjomba. Mjomba Sefu aliwajua wapwa zake kwa usahaulifu, na moyoni alitaka kusema liacheni lilivyo. Hakupenda kuwaudhi, akafunga koilova. Na kwa kuwa gari likishushwa lile bamba la chuma linalokinga injini kwa chini lilikwaruza barabara, akaling'oa. Hakumwambia mtu.

Ndugu wakawekeana sharti: anayeshusha ndiye anayepandisha.

Ikaja harusi ya binamu yao wa upande wa baba. Nuhu akashusha, akaongoza msafara, akina mama wakapiga vigelegele. Asubuhi yake akashika spana apandishe. Mama akamwambia, "Pumzika kwanza, baba. Gari haliendi popote." Nuhu akaweka spana chini, akaenda kulala.

Adhuhuri pumu ikambana Bi Zahabu. Twalibu akamlaza kiti cha nyuma, akawasha gari. Hakutazama magurudumu aone kama gari bado liko chini. Na mtaa wa pili watu walikuwa wamejijengea tuta lao la mawe na udongo baada ya mtoto kugongwa, halina rangi wala kibao. Twalibu akalivamia. Chuma kikalia chini, injini ikapasuka upande wa chini, oili ikamwagika na taa yake nyekundu ikawaka. Akaiona. Akasema, nikisimama mama anakufa, akaendelea kukanyaga mafuta. Injini ikakaza kwa kukosa oili, gari likasimama hospitali ikiwa inaonekana. Akambeba mgongoni, akakimbia naye akimwita mama, mama. Alipofika, mama hakuwa hai tena.

Nyumbani wakalaumiana mbele ya waombolezaji, aibu tupu.

"Ingekuwa springi fupi, ningejua kila siku kwamba liko chini," alisema Twalibu.

"Mama mwenyewe alinizuia," alisema Nuhu. "Na wewe taa uliiona, kaka."

Mjomba Sefu akalia, akawaambia habari ya bamba.

Wakafika makaburini. Jeneza likawekwa kando, watu wakashika shuka juu ya kaburi kumsitiri. Shehe akasema, "Wenyewe washuke." Wote watatu wakavua viatu. Hakuna aliyeshuka.

Nuhu akasema, "Mimi sishuki. Niliweka spana nikalala."

Twalibu akasema, "Mimi sishuki. Niliiona taa."

Mjomba Sefu akasema, "Mimi sishuki. Niling'oa bamba, na nilijua mtasahau."

Shehe, alipoelezwa maneno ya marehemu, akawaambia yalikuwa mzaha. Twalibu akajibu, "Alicheka, shehe, ni kweli. Lakini hakuyafuta, na sasa hatuna wa kumwuliza."

Jua linawaka. Walioshika shuka wanabadilishana mikono. Wanaume watatu wamesimama peku kwenye udongo mbichi, wanalia, na hakuna anayethubutu kumtazama mwenzake. Bi Zahabu yuko ndani ya sanda anangoja watu wake, na wa damu yake ni hao tu.

Nyinyi mnaonisikiliza, msiiname. Mimi nimeshindwa kuwaamulia. Je, kati ya hao watatu, ni nani ashuke kumpokea?