Nani Alifunga Maji ya Nakiete?

Sogeeni karibu, na aliyesinzia mwamsheni. Leo sikuja kuwachekesha. Hadithi hii kila nikiisimulia damu hunichemka, na kama mwisho wake nanyi hamtakasirika, basi nitajua nilikuwa nasema na ukuta.

Palikuwa na nchi ya milimani, mawe mengi, mvua chache. Watu wa huko walichimba bwawa la kukusanyia maji ya chemchemi, wakaliita ndiva. Kutoka kwenye ndiva mfereji ulishuka ukipita shamba hadi shamba, na kila shamba lilikuwa na mlango wake wa maji, uliofunguliwa kwa zamu. Asiyepata maji ya ndiva hakuwa na shamba, alikuwa na vumbi. Mtawala wao walimwita mfumwa.

Katika nchi hiyo walikuwako watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Mrindoko. Mikono yake iliujua udongo. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga milango ya maji, kwa vigogo vya migomba na udongo wa mfinyanzi, na mlango akiufunga yeye, hata sisimizi hakupata tone la kunywa.

Wa pili ni mzee Sechonge. Kichwa chake kilihifadhi mila zote za maji: nani atangulie akiwa na msiba, nani aongezewe zamu akijifungua, nani atozwe mbuzi akiiba zamu ya mwenzake. Watu wakishikana mashati mferejini, aliitwa yeye. Akisema neno, ugomvi umekwisha.

Wa tatu ni Namkunda, na kipaji chake kilikuwa moyo. Mama huyu hakuwahi kupika chakula cha watu wa nyumbani kwake tu. Ukipita mlangoni pake na njaa, ulitoka umeshiba.

Watu wazuri. Nawaambia mapema na narudia, watu wazuri kabisa, maana hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Jirani wa Namkunda, mpaka kwa mpaka, alikuwa mjane aitwaye Nakiete. Shamba lake la maharage ndilo lililomlisha yeye na binti zake. Siku moja barazani alisimama akasema, "Mfumwa, migomba yako inakunywa zamu zetu. Sisi wa chini tunabakiwa na matope. Tunaomba zamu zirudi zilivyokuwa."

Alichosema kilikuwa kweli, na hapakuwa na mtu pale asiyekijua. Mfumwa alitabasamu tu. Baraza lilipovunjika akatoa amri: Nakiete asipate maji mpaka aje apige magoti.

Sasa sikilizeni walivyofanya watu wetu wazuri.

Mrindoko aliitwa. Hakuambiwa afunge maji. Mfumwa hakuwa mjinga. Aliambiwa, "Mpunguzie kidogo tu, apate adabu." Kidogo kina ubaya gani? Akapunguza. Baadaye akaambiwa apunguze hadi nusu. Akajisemea, aliyeweza kidogo hashindwi na nusu. Mwishowe akaambiwa aufunge mlango kabisa, na hapo moyo ukamsuta, akamwendea mkubwa wake.

"Mfumwa, maharage ya yule mama yanakauka."

"Hapa mfumwa ni nani, mimi au wewe?"

"Ni wewe, Mfumwa."

"Basi lawama ni zangu. Wewe fanya kazi yako."

Mnajua alijisikiaje? Alijisikia mwepesi! Mkono wake, udongo wake, lakini kosa la mtu mwingine. Akaenda akafunga, tena akafunga vizuri, kwa ufundi wake wote. Angalau angeufunga vibaya! Hata hilo halikumjia.

Mzee Sechonge naye. Mila ilisema wazi kwamba mlango wa maji haufungwi kwa amri ya mtu mmoja, hata awe mfumwa. Hufungwa kwa uamuzi wa mkutano wa wenye mfereji wote. Sechonge aliijua mila hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai. Nakiete akamfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja unisemee."

"Marahaba, mwanangu. Mila naijua. Lakini mfumwa ni mfumwa. Babu yake ndiye aliyewaongoza babu zetu kuichimba ndiva. Huenda ameona jambo ambalo mimi na wewe hatulioni."

"Ameona jambo gani, mzee?"

"Sijui. Ndiyo maana yeye ni mfumwa na mimi si mfumwa."

Jamani! Mtu mwenye akili zote zile anaziweka chini kwa sababu kuna mwenzake amekalia kigoda! Na watu walipoona Sechonge kanyamaza, wakasema, kumbe ni halali, ingekuwa haramu mzee angesema. Wakarudi kulima.

Namkunda je? Maji ya Namkunda yalipita kando ya shamba la Nakiete. Kati yao palikuwa na tuta tu. Pigo moja la jembe, na maharage yangekunywa. Kila alfajiri alimpelekea jirani yake uji, wakakaa, wakalia pamoja.

"Dada, roho inaniuma," alisema Namkunda.

"Inakuuma, naona. Basi nipigie jembe hapo kwenye tuta."

Namkunda akatazama upande wa juu wa mfereji, akatazama wa chini. Majirani wote walikuwa mashambani, na hakuna aliyenyanyua jembe. "Mbona wa upande ule hawajapiga? Wakianza wao, nami napiga. Naapa, dada."

Na yule wa upande ule, mnadhani alikuwa anangoja nini? Alikuwa anamtazama Namkunda! Mfereji mzima ulikuwa na watu wenye huruma, kila mmoja anangoja huruma ya mwenzake itangulie. Uji Namkunda alileta kila siku. Maji hakuleta.

Maharage yakafa. Na hapo ikafukuliwa mila moja ya zamani, kwamba shamba lisilonyweshwa msimu mzima hurudi kwa mfumwa, kwa kuwa mwenyewe amelitelekeza. Amelitelekeza! Nakiete akawachukua binti zake wakateremka tambarare kwa kaka yake, wakala chakula cha kuhesabiwa tonge, wakisimangwa hadi na wake za watoto wa nyumba ile.

Na msiniambie waliogopa. Kuogopa waliogopa, sawa. Lakini mfumwa alikuwa mzee wa magoti mabovu, na mlinzi wake alikuwa mmoja, mwenye rungu alilolitumia kuegemea. Nchi nzima! Wangesimama nusu yao tu, yule mzee angesema alikuwa anatania.

Baadaye mfumwa akafa. Akazikwa palepale kwenye shamba la Nakiete, kwa sababu kwao mfumwa huzikwa katika ardhi aliyoipata mwisho, na palipo na kaburi la mfumwa jembe haliingii tena. Kwa hiyo Nakiete aliporudi na jembe lake begani na binti zake nyuma, hapakuwa na shamba la kurudishiwa.

Baraza likakaa. Wote wakakubali kwamba mama huyu amedhulumiwa, na kwamba asipopanda kabla ya mvua, binti zake watarudi kwenye masimango. Ardhi ya mfereji ilikuwa imekwisha, na ya kigoda kwa mila haitolewi. Basi wakasema mmoja wa wale watatu atoe shamba lake. Mmoja, kwa sababu shamba la mlango mmoja wa maji kwao haligawanywi, na atakayelitoa naye atateremka tambarare.

Mrindoko akasema, "Mimi nilitumwa. Niliuliza, ninyi wenzangu hata kuuliza hamkuuliza. Na Sechonge angesema neno moja, ningeweka udongo chini."

Sechonge akasema, "Mimi sikugusa maji wala udongo. Nilikiheshimu kigoda, kama tulivyolelewa sote. Na neno langu lingefaa nini, iwapo hata jirani yake mwenyewe alishindwa kunyanyua jembe?"

Namkunda akasema huku akilia, "Mimi peke yangu ndiye niliyemlisha! Ninyi mlimpa nini? Na ningefungua leo, Mrindoko asingefunga kesho?"

Mabishano yakapamba moto. Mfumwa mpya, kijana asiyependa kelele, akagonga fimbo chini. "Basi! Atoe Mrindoko."

"Ndiyo, Mfumwa!" likaitikia baraza.

Sechonge aliitikia kabla hata fimbo haijatulia. Namkunda alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona mikono imeinuliwa, akainua wake. Na Mrindoko mwenyewe, mnasikia? Mrindoko mwenyewe alisimama, akachukua vigingi, akaanza kwenda kupima shamba lake apewe mwingine, kwa kuwa ameambiwa.

"Keti, Mrindoko!" Nakiete alipaza sauti. "Ketini nyote! Shamba nalitaka, wanangu wana njaa. Lakini silitaki kwa sababu mfumwa kasema. Na yule aliyelala shambani kwangu naye alisema! Niambieni ninyi, kila mtu kwa kinywa chake: kati ya hawa watatu, nani alinifungia maji?"

Baraza zima likageuza shingo, wote kwa pamoja, wakamtazama mfumwa.

Mimi naishia hapo, maana nikiendelea nitatukana. Nakiete bado amesimama na jembe lake, na mawingu yanakusanyika. Ni Mrindoko, aliyefunga kwa mikono yake? Ni Sechonge, aliyejua kuwa ni dhuluma na angeweza kuizuia kwa neno? Au ni Namkunda, aliyeweza kufungua kwa pigo moja na akaishia kulia? Wewe uliyekaa hapo, ungesema shamba la nani liwe la Nakiete? Nijibu, lakini kwanza acha kumtazama mwenzako usoni.