Jezi Moja, Mama Wawili

Wahenga hawakusema kwamba mkono mmoja ni dhaifu. Mkono mmoja unaweza kupika, kufua, hata kufuta machozi. Walichosema ni kwamba mkono mmoja haulei mwana, kwa sababu mtoto ana pande nyingi, na ukimfunika upande huu, upande ule unabaki na baridi. Verna Petryk alikuwa na mvi tele alipolielewa jambo hili, na alilielewa kwa taabu.

Verna na mumewe Orest walilima ngano katika nyanda za baridi kali za Saskatchewan. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Landon. Kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, Landon alikuwa ameshajua kusimama na viatu vya kutelezea juu ya bwawa la ng'ombe lililoganda, gongo mkononi, kamasi zikimchuruzika hadi kidevuni. Ilipofika saa ya chakula, Verna alisimama mlangoni akaita mara moja tu. Sauti yake ilivuka shamba zima, na mtoto akaja.

Alipotimiza miaka kumi na sita, Landon alichukuliwa na timu ya vijana ya Marlow Bend, mwendo wa saa tano kwa gari. Ndivyo ilivyo katika hoki ya barafuni: anayetaka kuufanya mchezo kuwa kazi huondoka kwao mapema, akawekwa katika familia ya mji ule, wamlishe na kumlaza kama wa kwao. Landon aliwekwa kwa Noreen Lavallee, dereva wa basi la shule, mjane asiye na mtoto. Siku ya kumpeleka, Verna alimtandikia mwanawe kitanda kwa mikono yake mwenyewe ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Alipotoka chumbani alimkuta Landon jikoni, anakula supu ya mwenye nyumba. Bakuli likaisha, akaongezwa. Verna akaaga.

Miaka ikapita. Landon akapanda hadi ligi kubwa ya kulipwa. Hakuwa nyota. Alikuwa beki, mtu wa kujirusha mbele ya kile kisahani kigumu cha mpira kabla hakijamfikia kipa, na mwili wake ulijaa alama kama ubao wa kukatia nyama. Magoti yake yalikuwa yameanza kulia. Kila mtu alijua kwamba msimu ule pengine ungekuwa wa mwisho, ingawa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Ndipo timu yake ikatangaza safari ya kina mama. Timu hizo zina desturi ya kuwaalika wazazi, mwaka mmoja kina baba, mwaka mwingine kina mama. Kila mchezaji huja na wake, wakasafiri na timu, wakakaa pamoja jukwaani. Orest alikuwa ameshakwenda na kina baba, akarudi na habari za nyama choma tu. Zamu ya kwanza ya kina mama ilimkuta Verna hospitalini, nyonga imepasuliwa. Safari hii aliapa kwenda hata kama ng'ombe wote wangezaa siku moja.

"Nimenunua buti," aliwaambia wenzake katika chumba cha chini cha kanisa, ambako wanawake walikuwa wakifinya piroge, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani. "Nyekundu. Orest anasema nafanana na mzimamoto."

"Na yule mwingine je?" akauliza jirani yake Stefka, bila kuinua macho kutoka kwenye unga.

"Mwingine yupi?"

"Wa Marlow Bend. Binamu yangu anakaa kule. Anasema hata dukani wanamwita Mama Landon."

"Waache wamwite. Jogoo naye huliita jua kila asubuhi. Kwani kalizaa yeye?"

Wanawake wakacheka. Lakini piroge iliyokuwa mkononi mwa Verna ilikuwa imepasuka, viazi vikimtoka katikati ya vidole.

Jumapili Landon akapiga simu.

"Mama, kiti cha safari ni kimoja."

"Najua. Si nimeshanunua buti?"

"Niliomba viwili, wamekataa. Wanasema wakinipa mimi, kila mtu atataka kuleta na shangazi yake."

"Cha pili kilikuwa cha nani?"

"Cha Noreen." Kisha akasema polepole, kama mtu anayekanyaga barafu asiyoiamini, "Mama, kuna jambo hukuambiwa."

Akamweleza. Alipokuwa na miaka kumi na saba alisukumwa akagonga ukuta wa uwanja kwa kichwa. Majira yale ya baridi alilala gizani wiki nyingi, hawezi kuvumilia mwanga wala mlio wa kijiko. Daktari alisema akiharakisha, hatacheza tena maisha yake yote. Noreen aliacha basi lake kwa muda, akakaa naye.

"Na mimi nilikuwa napiga simu kila Jumapili," Verna akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia una mafua."

"Ungejua ungekuja kunirudisha nyumbani."

"Ningekurudisha, ndiyo."

"Basi ndiyo maana." Landon akashusha pumzi. "Amua wewe, Mama. Ukisema ni wewe, ni wewe, na sitanung'unika."

Verna alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanawe. Usiku kucha alipigana na mto. Asubuhi akavaa koti.

"Unakwenda wapi?" Orest akauliza.

"Kumwambia mtu jambo usoni."

"Saa tano za barabara kwa jambo moja?"

"Ni refu."

"Sawa. Ila Verna, kabla hujaondoka, chomoa—"

Gari lilikuwa limeshanguruma. Katika baridi ile, magari hulala yamechomekwa waya wa umeme ukutani ili injini zisigande, na mtoto wa shule ya vidudu anajua kwamba huondoki kabla ya kuuchomoa. Verna, hasira zimempanda kichwani, aliondoka nao. Waya ulikatika, ukamfuata kama mkia njia nzima mpaka Marlow Bend.

Noreen alifungua mlango akiwa na aproni, nywele zimefungwa kwa haraka. Alitazama gari kwanza, kisha uso wa mgeni.

"Karibu, Verna. Naona umekuja na mkia."

Verna akageuka, akauona. Maneno aliyoyapanga barabarani yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Haya, cheka," akasema.

"Nicheke nini? Mwaka juzi mimi niliondoka na soketi na kipande cha ukuta. Ingia, baridi itatuua."

Walikaa jikoni. Kahawa ilipoa mbele yao.

"Ulinificha mwanangu akiwa mgonjwa," Verna akasema.

"Nilikuficha." Noreen hakujitetea. "Aliniapisha. Lakini mtoto akimwapisha mtu mzima jambo kama lile, mtu mzima hana budi kuvunja kiapo. Sikuvunja."

"Kwa nini?"

Noreen alizungusha kikombe chake. "Niliogopa utamchukua. Nilikuwa nimeshamzoea."

Maneno hayo yalimchoma Verna, lakini yalimchoma kama sindano ya daktari: alijua kwamba ni ya kweli.

"Usidhani alikuwa wangu, lakini," Noreen akaendelea. "Maumivu yakizidi alikuwa anaita Mama. Nikisema nipo, ananiambia, 'Si wewe.' Nikajaribu kumpikia hizo piroge zenu. Zikapasuka zote, ukawa uji wa viazi. Akala. Akasema, 'Mama angekucheka.'"

"Ulichemsha kwa moto mkali."

"Mkali sana."

"Moto mdogo, bibi wee. Na usikoroge." Verna akajifuta jicho kwa kiganja. "Nionyeshe chumba."

Kitanda kilikuwa pale pale alipokitandika zamani. Verna aliketi juu yake, akavuta mapazia mazito mpaka giza likawa kama ndani ya gunia. Akakaa hivyo kitambo. Alisikia saa ya jikoni. Alijisikia akipumua.

"Wewe ulikuwa unakaa wapi?" akauliza.

"Hapo chini, kwenye zulia." Sauti ya Noreen ilitoka mlangoni. "Kiti kilikuwa kinalia nikijigeuza. Kingemuumiza."

Verna alinyoosha mguu wake mpaka ukagusa zulia: jembamba, limekwisha, na chini yake sakafu baridi ya mbao. Wiki nyingi. Hasira aliyoibeba saa tano barabarani ikamtoka taratibu, akabaki amechoka kama mtu aliyetua mzigo.

"Una buti?" akauliza.

"Za nini?"

"Za safari."

"Mimi siendi, Verna. Wewe ndiye mama yake."

"Sikukuuliza hilo, nimekuuliza buti. Safari ina michezo miwili. Panda ndege na timu mpaka Winnipeg, kwenye mchezo wa kwanza. Mimi nitakuja Winnipeg na gari. Mchezo ukiisha nitapanda mimi, wewe urudishe gari langu. Orest atakulisha nyama." Akafungua pazia. "Ila chomoa waya."

Siku ya mchezo, kila mama alipewa jezi yenye jina la mwanawe mgongoni. Ya Petryk ilikuwa moja. Noreen aliivaa kipindi cha kwanza. Wakati wa mapumziko akaivua, akamkabidhi Verna, aliyekuwa amejinunulia tiketi yake na kubembeleza mpaka akapewa nafasi kando yake. "Vaa. Nimeshaipasha joto."

"Kwani Petryk ana mama wangapi?" akauliza mama wa kipa.

"Wanaomtosha," Noreen akajibu.

Kipindi cha tatu, mpinzani aliachia mkwaju mkali. Landon akajirusha mbele ya kisahani, kikampiga, akaanguka, naye hakuinuka. Uwanja mzima ukanyamaza. Verna alikuwa wima. Mbele ya macho yake aliona lile giza la chumbani.

"Kichwa kizima," Noreen akamnong'oneza, amemshika mkono. "Nimemwangalia. Kichwa hakikugusa popote. Ni goti."

Hapo pumzi zikamrudia Verna. Akajaza kifua, akaita kama alivyokuwa akiita mlangoni kwake.

"Landon! Inuka, baba."

Sauti ilivuka barafu. Landon akageuza kichwa. Akasimika gongo kwenye barafu, akalishikilia, akainuka kwa mguu mmoja, na watu wakaanza kupiga makofi. Kabla hajatoka alitazama kwenye jukwaa la kina mama. Aliwaona wawili, mikono yao bado imeshikana. Alicheka, machozi yakimtoka, akateleza taratibu kuelekea mlangoni, wenzake wawili wamemshika, mmoja kila upande.

Lile goti ndilo lililofunga kazi yake ya uchezaji, kama kila mtu alivyokuwa akihofu. Lakini jioni ile hakuna aliyejua bado. Verna aliivua jezi, kwa sababu kipindi kilikuwa hakijaisha na Noreen alikuwa anatetemeka kwa baridi, akaitandaza juu ya magoti yao wote wawili.

Mmoja alijua mahali mtoto anapoumia, na mwingine alikuwa na sauti inayomwinua. Kweli, mkono mmoja haulei mwana.