Kata ya Kwanza ya Maji ya Isene

Anayemenya karanga na aendelee kumenya, anayebembeleza mtoto na ambembeleze, ila masikio niazimeni. Leo sitaki makofi. Nataka hukumu.

Katika kijiji cha Isene, nchi ya mawe na miiba, aliishi mjane aliyeitwa Mama Msengi. Mungu alimpa watoto watatu, na kila mtoto akampa kipaji chake.

Wa kwanza, Msengi, alijaliwa kuanzisha. Akiwa na miaka kumi alimjengea mama yake banda la mbuzi, na banda lile bado limesimama hadi leo, ingawa mbuzi wamekwisha kuliwa.

Wa pili, Mwanaidi, alijaliwa kukifanya cha zamani kiwe kipya. Alikuwa akilifumua gauni kuukuu la mama yake na kulishona upya, na hata kifungo kimoja hakikupotea.

Wa mwisho, Kiula, alijaliwa kuangalia. Aliyemwachia Kiula sufuria ya maziwa motoni aliweza kwenda sokoni na kurudi, maziwa yasifurike.

Watoto wale walikua, wakasoma, wakaajiriwa mjini katika kampuni moja ya kuchimba visima. Msengi alitangulia, wadogo zake wakamfuata, kila mmoja kwa usaili wake mwenyewe. Lakini hakuna hata mmoja aliyeshika sururu. Kazi yao ilikuwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyofungiwa katika chumba chenye baridi. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusimamia miradi: kijiji gani kimeomba maji, mtambo upi uende wapi, siku gani, na mabomba mangapi.

"Hiyo kompyuta yenu inachimba?" Mama Msengi aliwauliza siku moja ya sikukuu.

"Haichimbi, mama," Msengi akajibu. "Inakumbuka."

"Basi inamshinda mwenyekiti wetu," akasema mama, na watoto wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Alicheka nao, lakini goti lake lilikuwa limevimba. Kisima cha Isene kilikuwa kimekauka miaka sita. Kila asubuhi mama huyu alitembea hadi lambo la ng'ombe, akasubiri wanyama wanywe, kisha akachota kilichobaki. Watoto walimwomba ahamie mjini. Alikataa. Alisema hawezi kuliacha kaburi la baba yao peke yake.

Sasa, Isene kuna desturi. Maji mapya yakitoka, kata ya kwanza, yaani upawa wa kwanza wa maji, hutekwa na mwenye kiwanja kilichochimbwa, naye humpa mtu mmoja tu, yule aliyeyaleta maji. Hainywewi na vinywa viwili. Inasemekana wakinywa wawili, kisima kitakuwa cha ugomvi. Na jina la aliyekunywa ndilo jina la kisima. Kile kilichokauka kiliitwa Kwa Makala, na mpaka leo wajukuu wa Makala hutembea vifua mbele, ijapokuwa kisima chao hakina hata tone.

Sikilizeni sasa yale waliyoyafanya wale watatu.

Kabla ya Msengi, kampuni ile iliendesha kazi kwa makaratasi. Mitambo miwili ilikutana kijiji kimoja, na kijiji kingine kikasubiri hadi kikasahaulika. Msengi akasema, "Hapana." Akaichagua mashine, akaisimika programu, akampa kila mfanyakazi ufunguo wake, aone kinachomhusu na asiguse kisichomhusu. Kisha akaketi na mafaili yenye vumbi, akayaingiza maombi ya vijiji vyote, moja baada ya jingine, wiki kumi na moja. Ombi la Isene alilikuta chini kabisa, limeliwa na mchwa pembeni. Akaliingiza. Bila yeye, Isene isingejulikana kwamba ipo.

Lakini kwenye faili lile paliandikwa "Umekamilika," kwa sababu zamani mafundi walikwisha kuchimba Isene, wakakuta pakavu, wakafunga kazi na kuondoka. Msengi alikuwa amechoka. Alinakili alichokiona, neno kwa neno, hata hilo.

Miaka ikapita. Programu ikazeeka. Mtambo mkubwa wa kukodi, ule unaofika chini kwenye maji ya Isene, ulikuwa wa kampuni ya mbali, na kompyuta zao hazikupokea mpango wowote kutoka kwenye toleo la zamani. Ikabidi kuhamia toleo jipya. Kazi hiyo akapewa Mwanaidi.

"Bonyeza tu, uhamie," wenzake wakamhimiza. "Si kitufe kimoja?"

"Hata ugali si maji na unga tu?" akawajibu. "Mbona wako una madonge?"

Akafanya nakala ya kila kitu. Akaihamisha nakala kwanza, kwenye mashine nyingine ya majaribio, kisha akaihesabu miradi. Ya zamani, mia tatu na kumi na miwili. Mipya, mia tatu na kumi na mmoja. Mmoja umepotea! Mwingine angesema mmoja si kitu. Mwanaidi alitafuta siku tatu, kama anayetafuta kifungo chini ya kitanda. Akaukuta: Isene. Toleo jipya liliiona kazi imeandikwa "Umekamilika," likaitupa ghalani, panapowekwa kazi zilizokufa. Akasahihisha, akajaribu tena, akahesabu tena. Ndipo alipoihamisha seva yenyewe. Bila yeye, Isene ingezikwa hai.

Lakini kwa hofu ya kupoteza kitu, Mwanaidi alikuwa ametengeneza nakala za akiba nyingi mno, na akazisahau zote mle mle ndani ya seva. Diski ikaanza kujaa kidogo kidogo, kama mtungi chini ya mchirizi.

Kuilinda seva isiugue ilikuwa zamu ya Kiula. Alitazama joto lake, nafasi iliyobaki, na watu wangapi wameingia. Tena alikuwa na ujanja wake, aliouchukua nyumbani. Mama Msengi kila siku baada ya adhuhuri huwabipu wanawe mmoja mmoja. Simu huita mara moja na kukata. Maana yake: nipo, ni mzima. Kiula aliifundisha seva kufanya vivyo hivyo. Kila robo saa ilimtumia neno moja: "Nipo."

Ijumaa moja, mtambo mkubwa ulikuwa umebakiza nafasi ya kijiji kimoja tu, nayo ilikuwa zamu ya Isene, kabla ya kwenda mkoa mwingine hadi mvua zipite. Saa nane mchana programu ingeandika amri ya mwisho na kuituma. Siku hiyo Kiula alikuwa harusini kwa rafiki yake. Asubuhi seva ilimpa onyo mara mbili kwamba nafasi imepungua. Aliyaona, akajiambia, "Ngoja nile pilau kwanza." Naam, hata Kiula.

Saa saba na robo, simu haikulia. Kiula akaacha kutafuna.

"Vipi wewe, umemeza mfupa?" bwana harusi akamuuliza.

"Nimesikia kimya," akasema, na akatoka mbio na suti ya kuazima. Palepale ukumbini mtandao ulikuwa dhaifu, akapanda juu ya tangi la maji nyuma ya jiko, wapishi wakimshangilia. Akaingia kwenye seva kwa simu yake. Diski imejaa pomoni, haina pa kuandika hata herufi. Akazifuta nakala za Mwanaidi moja baada ya nyingine, akibakiza mbili za mwisho, akaiamsha programu. Saa nane kasoro dakika sita ikamjibu: "Nipo." Saa nane kamili amri ikaondoka: mtambo uende Isene. Bila yeye, Isene ingesubiri mwaka mwingine, na lile goti je?

Mtambo ukafika, ukachimba kwenye kiwanja cha Mama Msengi siku nne. Siku ya tano maji yakaruka juu, meupe kwa vumbi la mawe, kisha yakatakata. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenye mtambo alipoambiwa habari ya kata alikataa kwa heshima. "Sisi huchimba tunapoambiwa," akasema. "Mtafuteni aliyetuambia."

Macho yote yakawageukia wale watatu, waliokuwa wamewasili asubuhi ile kutoka mjini.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu." Mama akawatazama. Msengi, asiyejali mavazi, alikuwa amevaa shati lililonyooshwa. Mwanaidi alivaa kitenge kipya. Kiula alinyoa. Mama akajua moyoni: kila mmoja anaitaka, na hakuna atakayesema.

"Mpe Mwanaidi, mama," Msengi akaanza kwa upole. "Mimi nilinakili neno baya. Ingawa pasipo nyumba hakuna wa kuezeka paa upya."

"Mpe kaka," Mwanaidi akasema. "Ingawa wewe, mama, tayari unaitwa Mama Msengi. Jina lake kijiji kizima kinalitaja kila siku. Sijasikia Mama Mwanaidi hata mara moja."

Watu wakacheka. Msengi naye akacheka, akajikuna kichwa.

"Mpe Kiula basi," akasema. "Ndiye aliyekimbia."

"Alikimbia baada ya sahani mbili za pilau!" Mwanaidi akamrukia.

"Na ni nani aliyejaza nakala kama mama anayeficha sukari kila kabati?" Kiula akajibu. "Dada, nilifuta ishirini na saba!"

"Hizo mbili ulizobakiza ndizo zinazokulinda hadi leo."

"Nami nakushukuru. Lakini nilikuwa juu ya tangi, dada. Na suti si yangu."

Wakacheka tena, lakini safari hii mama aliona kicheko hakikufika machoni. Foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani. Hakuna aliyeruhusiwa kuteka kabla ya kata ya kwanza.

"Mama Msengi, tuna kiu!" jirani mmoja akapaza sauti. "Kunywa wewe mwenyewe, yaishe! Si wewe uliyemfundisha Kiula kubipu?"

"Mimi nilitembea tu," akasema mama. "Aliyetembea hajaleta."

Akainama na goti lake bovu, akateka. Maji yalikuwa baridi hata mpini wa kata ukatoa jasho. Akasimama mbele ya watoto wake watatu, akawaona kama walivyokuwa zamani, wamejipanga mlangoni wakisubiri ukoko wa sufuria. Siku zile ukoko aliuvunja vipande vitatu. Maji ya kata hayavunjiki.

Akampa nani?

Amesimama. Kama ni Msengi, aliyeiweka Isene ndani, basi ndiye pia aliyeiandikia kifo kwa neno moja. Kama ni Mwanaidi, aliyeiokoa isizikwe, basi nakala zake ndizo zilizoizibia seva pumzi. Kama ni Kiula, aliyekisikia kimya cha seva, basi angeyasikia maonyo mawili kusingekuwa na kimya. Kila mmoja alileta maji, na kila mmoja nusura ayamwage. Aondoke yeyote kati yao, lambo la ng'ombe linamngoja mama kesho asubuhi.

Na mkumbuke, atakayekunywa atatajwa hapo kila siku na kila mwenye ndoo, hata mama mwenyewe atakapokuwa amelala kando ya baba yao. Wawili watakaobaki ni wanawe vilevile.

Haya, ninyi mliomenya karanga mkazila zote, na ninyi ambao watoto wenu wamelala: ungekuwa wewe ndiye mama yao, ungemnyooshea nani? Semeni, lakini semeni upesi. Kata ya Mama Msengi ni ya zamani, ina ufa chini, na maji yanachuruzika vidoleni mwake.