Kinyonga Aliyekataa Kukaribishwa

Sogeeni, hadithi imeiva.

Zimwi alimletea Mwanamvua kinyonga. "Jua likitua hajala, nitakutafuna wewe."

Mwanamvua akamkalia mgeni mbele, macho kodo. "Karibu ugali." Kinyonga akawa mweusi. "Karibu samaki." Mweusi. "Panzi basi, onja tu." Mweusi zaidi.

Ndipo akakumbuka alipokuwa bibi harusi, mawifi walivyomtazama mdomoni hadi tonge likamkaba. Akamweka kinyonga kwenye tawi la mpera, akanyunyizia majani maji, akampa mgongo.

Kinyonga akalamba matone, akawa kijani.

Zimwi alishindwa kungoja. Akajigeuza nzi ili achungulie, akatua kwenye tawi lile lile.

Mwanamvua alipogeuka, mgeni alikuwa anatafuna. Zimwi alitaka kinyonga ale, naye akala.