Shikamoo za Tumboni

Nipeni masikio, nami niwape hasira za Namkunda, mchota maji wa chemchemi ya Kirongo. Katika chemchemi hiyo, na si kwingine kokote duniani, waliishi samaki wadogo ambao mama zao hulea watoto kinywani, wala mama hawali kitu mpaka watoto wakue.

Zimwi likaja, likamfokea mama samaki: "Niamkie!" Kimya. "Niamkie!" Kimya. "Niamkie!" Kimya.

"Kinywa kimejaa watoto, baradhuli we!" Namkunda akafoka.

Zimwi likammeza samaki mzimamzima.

Mle tumboni watoto wakatoka kinywani mwa mama yao. "Shikamoo! Shikamoo!" bila kukoma, na shikamoo haiachwi bila jibu. "Marahaba! Marahaba!" zimwi likaitikia, likakosa nafasi ya kula, likamnyooshea Namkunda mikono kuomba msaada.

"Kinywa kimejaa? Ngoja wakue!" Namkunda akalifokea.

Likafa kwa njaa. Namkunda akalipasua tumbo, akawarudisha samaki kwao, huku bado analitukana.