Mkunga na Sikukuu ya Tarehe Nane Desemba

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba zamani, misioni zilipokuwa chache na mapadri wakitembea kwa miguu, palikuwa na mwanamke wa Unyamwezi aitwaye Nyamizi. Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa kijiji chake walipokelewa na mikono yake, na wengine wao walikwisha kuwa na wajukuu. Uzeeni aliisikia Injili, akaipenda, akaingia mafundisho ya ubatizo. Enzi hizo mafundisho yalichukua miaka minne, si kama siku hizi mtu anataka abatizwe kabla hajajua vizuri Ishara ya Msalaba.

Kigango cha kijiji hicho, kanisa dogo lililo mbali na misioni, kilikuwa chini ya katekista Desideri, mwalimu wa dini na mcha Mungu wa kweli, ila hakupenda kuulizwa mara mbili. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa. Katika mtihani wa mwisho, siku moja kabla ya ubatizo, alimwuliza Nyamizi mbele ya waamini wote: “Kesho, tarehe nane Desemba, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, tunaadhimisha nini?”

Jibu alilowafundisha lilikuwa fupi: siku Bikira Maria alipochukua mimba ya Bwana Yesu. Hata watoto walilijua kwa moyo. Nyamizi akasema, “Mwalimu, uniwie radhi. Hilo siwezi kulisema.”

“Umelisahau?”

“Sijalisahau. Ulitufundisha kwamba malaika alimpasha habari Mama Maria mwezi wa Machi, tarehe ishirini na tano, na Mtoto akazaliwa Desemba, tarehe ishirini na tano. Hiyo ni miezi tisa, naielewa. Lakini toka kesho hadi Noeli ni siku kumi na saba. Mimi ni mkunga, Mwalimu. Mimba ya siku kumi na saba hata mwenyewe hajaijua.”

Watu waliinama wakificha vicheko. Desideri akajibu kwa ukali kwamba kwa Mungu hakuna lisilowezekana.

“Ni kweli kabisa,” akasema Nyamizi. “Ila malaika wa Machi, basi, alikuja kufanya nini?”

Hapo mwalimu akaona amevunjiwa heshima. “Sema jibu kama nilivyokufundisha, na kesho padri atakubatiza. Ukikataa, utarudi kukaa na wa mwaka wa kwanza.”

Bibi yule alikuwa amechoka kwa umri na kifua kilimsumbua. Jambo moja tu alilolitaka duniani ni kufa akiwa amebatizwa, na sentensi moja ingetosha kumpa. Akasema, “Siwezi kuingia nyumbani kwa Mungu kwa neno ninalojua si kweli. Nitangoja.”

Padri alikuja, akabatiza, akaondoka kwenda vigango vingine. Aliambiwa kwamba Nyamizi hajakomaa. Naye Nyamizi hakumfuata kumshitaki mtu.

Basi kila Jumapili, baada ya mahubiri, wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa ubatizo, walipotolewa nje kama ilivyokuwa desturi, bibi mwenye mvi alitoka pamoja na watoto wadogo. Maneno yakaenea kwamba amemtukana Mama wa Mungu. Baadhi ya wanawake wakaacha kumwita wakati wa uchungu. Hilo lilimwuma kuliko yote, akalia peke yake, lakini hakuacha kusali.

Alikuwa na mazoea ya kazi yake: kwa kila mjamzito alifunga fundo kwenye kamba kila mwezi ulipotimia. Safari hii alichukua kamba mpya, akaanza kuhesabu tangu ile tarehe nane Desemba, ajue mimba hiyo itafikia wapi. Mwezi wa Septemba ukaingia, na Jumapili moja mwalimu akatangaza kwamba tarehe nane ni sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Nyamizi akahesabu mafundo. Siku hiyo lingetimia la tisa.

Alikwenda nyumbani kwa Desideri, akabisha hodi, akakaribishwa. “Mwalimu, nimeipata mimba ya Desemba. Si ya Bwana Yesu. Ni ya Maria mwenyewe, tumboni mwa mama yake.” Akaiweka kamba mezani, akaaga. Hakuomba kitu.

Desideri hakugusa chakula jioni ile. Kesho yake alishika njia ya misioni, mwendo wa siku mbili, akamweleza padri yote bila kujipendelea. Padri akasema, “Mkunga wako yuko sahihi. Maria alitungwa mimba kama watu wote, kwa baba na mama, Yohakimu na Ana. Ila Mungu, kwa ajili ya mastahili ya Mwanaye, alimkinga na dhambi ya asili tangu nukta ile ya kwanza. Ndiyo sikukuu. Usifadhaike, nitakuja niwaeleze mwenyewe, watu wasijue ulikosea.”

Desideri akatikisa kichwa. “Hapana, Padri. Nilimfungia mlango mbele ya watu. Siwezi kumfungulia uani.”

Jumapili iliyofuata, wakatekumeni walipoinuka kutoka, aliwaambia wakae. Akasimama mbele, akasema: “Nimewafundisha kosa miaka kumi na tisa. Nyamizi aliliona, nami nikamwadhibu kwa sababu ya kiburi changu. Hakumtukana Mama wa Mungu. Mimi ndiye niliyemkosea yeye.” Kisha akamwomba msamaha.

Nyamizi akajibu akiwa ameketi, “Mwalimu, mtoto akitanguliza miguu simgombezi. Nampokea.”

Tarehe nane Desemba padri alikuja kumbatiza. Wanawake walikuwa na hakika atachagua jina la Maria. Alipoulizwa, alisema, “Ana. Maana mimba ya leo ni yeye aliyeibeba.”

Ndugu wapendwa, kutojua si dhambi, na Desideri hakutenda dhambi alipokosea maana ya sikukuu. Alikosa alipomlazimisha mwenzake akiri asichokiamini. Mwenyezi Mungu atujalie subira ya mkunga yule, na tukikosea mbele ya watu, tusione haya kujisahihisha mbele ya watu hao hao.