Tembe Tatu Asubuhi

Wahenga walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kuwa jambo dogo likipuuzwa huzaa balaa kubwa. Wahenga hao, Mungu awarehemu, hawakutaja samaki popote. Sifuna aliuchukulia ukimya wao kuwa ruhusa.

Sifuna alikuwa katika kidato cha tatu katika shule moja ya bweni mjini Kitale, na utundu wake ulivuma kuliko kengele ya alfajiri. Ndiye aliyeivisha mifupa ya maabara tai ya naibu wa mwalimu mkuu. Hakuna aliyemwamini hata kwa kalamu ya kuazima, isipokuwa Jepchirchir wa kidato cha nne, katibu wa chama cha sayansi.

Jepchirchir alifuga samaki wa mapambo aitwaye beta, asiyezidi kidole gumba, wa buluu iliyokolea, mwenye mapezi yanayopepea kama shela la bibi harusi. Kwa mwaka mzima alikuwa ameandika daftarini kinachowafanya beta waugue na namna ya kuwakinga. Septemba angempeleka kwenye mashindano ya sayansi, na baada ya hapo hapangekuwa na Septemba nyingine shuleni. Likizo ya Agosti ilipofika, kwao kwenye miteremko ya Elgon hakukuwa na umeme. Kwao Sifuna, Kanduyi, ulikuwapo.

"Tembe tatu za chakula asubuhi, basi," alimwambia Sifuna akimkabidhi mtungi wa kioo wenye samaki. "Hiki kifaa cha kupasha maji kisizimwe. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Maji ya mfereji yalale kwa ndoo siku nzima kwanza, ile dawa ya kusafisha maji iishe. Ukiona mapezi yamejikunja, nipigie siku hiyo hiyo."

"Ati huyu ni samaki ama ni gavana?"

"Sifuna, kila mtu ameniambia nisikupe."

"Na bado unanipa?"

"Si nimekupa?"

Sifuna aliubeba mtungi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasafiri njia nzima bila mzaha.

Mzaha ulirudi alipofika nyumbani. Nyanya yake, Kukhu Nangila, alimpokea samaki kama anavyompokea kila mgeni. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuondoka bila kuonja ugali. Alizitazama zile tembe tatu kiganjani mwa mjukuu wake, akasonya.

"Hii ni chakula ama ni dhambi? Mgeni alale njaa kwangu, watu watasema nini?" Akamega tonge, akalifikicha, akalimwaga mtungini. "Kula, baba. Usiogope."

Sifuna alijua. Ingetosha kusema, "Kukhu, hapana." Badala yake alicheka hadi akashika mbavu, na kesho yake akawaita majirani waje kumtazama samaki aliyegeuka Mbukusu kwa kupakuliwa ugali. Ugali ambao haukuliwa ulizama, ukalala chini kama matope meupe.

Siku ya pili simu yake iliishiwa na chaji. Chumba kilikuwa na soketi moja tu. "Dakika ishirini, bana," alimwomba samaki radhi, akachomoa kile kifaa. Alikikumbuka asubuhi, maji yakiwa baridi kama sakafu ya bweni. Lakini samaki alikuwa hai, kwa hiyo Sifuna alikata shauri kwamba baridi haiui. Tangu siku hiyo simu na samaki waligawana soketi kama wake wenza, na samaki hakuwa kipenzi.

Siku ya tatu mapezi yalijikunja. "Amenuna," alisema Sifuna. Siku ya tano buluu ilikuwa imepauka kama sare ya shule ya mwaka wa nne, na tumbo limefura. Maji yalianza kunuka. Ujumbe wa Jepchirchir ukaingia: *Yuko aje?*

Sifuna alitazama mtungi, kisha simu. *Yuko fiti,* akajibu. *Ananenepa.*

Siku ya saba samaki alilala ubavu. Hapo ndipo Sifuna aliposhtuka. Alimwaga maji yote mara moja, akajaza mengine moja kwa moja kutoka mferejini, bado yakinuka dawa. Samaki alijirusha mara mbili. Kufikia adhuhuri alikuwa akielea, jicho moja likitazama mabati.

"Na alikuwa anakula vizuri," alisema Kukhu Nangila kwa huzuni, akamfunika kwa sahani.

Shule zilipofunguliwa, Sifuna alikuwa ametunga uongo wa aina saba, kila mmoja mtamu kuliko mwingine. Aliusahau wote alipomwona Jepchirchir akingoja langoni, ameshika daftari. Jepchirchir aliutazama mtungi mtupu. Hakupiga kelele.

"Mapezi yalijikunja siku gani?"

"Ya tatu."

"Siku ya tatu angepona," alisema polepole. "Maji robo. Joto. Afunge kula siku mbili. Hiyo tu. Na mimi nilikuuliza."

"Nilidhani ni kitu kidogo."

"Kilikuwa kidogo."

Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, akampa kalamu. "Andika wewe. Tarehe, na sababu. Usifanye mzaha."

Sifuna aliandika. Aliandika ugali, soketi na maji ya mfereji. Jepchirchir alisoma, akafunga daftari, akaenda kumwambia mwalimu wa sayansi, Bwana Kinyua, alikate jina lake kwenye orodha ya mashindano. Muhula wote uliobaki alimsalimu Sifuna kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni wa shule. Hakumpa tena kitu cha kushika.

Usiku wa siku ile ya kufungua shule, bweni zima lilimzunguka likidai kichekesho cha likizo. Sifuna alijifunika blanketi hadi kichwani. Mwiba ulikuwa mdogo kweli, na aliuona mapema, tena kwa macho yake mawili. Mdharau mwiba mguu huota tende.